KIKOHOZI CHA KUKU SI CHA NYUMBA MOJA

Kuku ni mali ambayo watu wengi huiona ndogo mpaka siku inapotoweka. Katika kata ya Zagayu, mkoani Simiyu, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Usukumani, mtu akiulizwa ana nini ataanza na ng'ombe, atafuatia na shamba la pamba, kisha atataja mtama na mahindi yaliyomo ghalani. Kuku atatajwa mwisho, au hatatajwa kabisa. Lakini mtoto anapotakiwa daftari shuleni, mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda Bariadi, au mgeni anapobisha hodi wakati jua linatua, zizi la ng'ombe halifunguliwi. Anayekamatwa ni kuku. Twaweza kusema bila hofu kwamba kuku ndiye benki ya kwanza ya mtu wa kawaida, na katika nyumba nyingi ndiye akiba pekee ambayo mama wa nyumba aweza kuitumia pasipo kuomba ruhusa ya mtu.

Akiba hiyo ina mwizi wake. Huja zaidi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Siku ya kwanza kuku mmoja hupiga chafya. Siku ya pili watatu hukoroma usiku. Siku ya tatu mtetea husimama pembeni amejikunyata, mdomo wazi, akivuta pumzi kwa shida. Kabla ya wiki mbili kupita, mji uliokuwa na kuku 30 hubaki na wawili au watatu, na nyumba ya jirani nayo imekwisha kuanza kufukia wa kwake. Watu hutikisa vichwa, husema, "Ni ugonjwa wa msimu," kisha huanza upya kutafuta mtetea mmoja wa mbegu.

Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Msimu hauui kuku. Kinachowaua ni ugonjwa wenye jina, wenye njia zijulikanazo, na wenye kinga inayotengenezwa humu humu nchini. Nia yetu leo ni kueleza jambo moja tu: kwamba kuku wa kijiji kizima, ingawa wana wenyewe mbalimbali, ni kundi moja mbele ya ugonjwa, na kwamba mtu anayejikinga peke yake, au anayeficha ugonjwa peke yake, hujidanganya mwenyewe na kumponza jirani.

KUKOHOA KWA NAMNA NYINGI

Yatupasa kwanza tujue tunapambana na nini. Watu wengi huita kila kikohozi cha kuku "mafua", na kwa kuwa jina ni moja hudhani dawa nayo ni moja. Hapo ndipo hasara huanzia.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle-upon-Tyne huko Uingereza, na jina la mji huo ndilo wanaloliita hadi leo. Huletwa na kirusi. Kuku mwenye kideri hukohoa na kuhema kwa mdomo wazi, huharisha kinyesi cha rangi ya kijani, hushusha mabawa, na baadhi yao hupinda shingo au kupooza miguu. Hauchagui kifaranga wala jogoo mkubwa. Ukiingia katika kundi ambalo halijachanjwa waweza kuua karibu kuku wote, na mara nyingine huwaua upesi kiasi kwamba mwenye mali haoni dalili yo yote ila mizoga asubuhi. Dawa ya kuutibu haipo duniani kote. Ipo kinga tu.

Mafua yenyewe hasa ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na bakteria. Uso wa kuku huvimba, macho hufumbwa na usaha, kamasi hutoka puani zikiwa na harufu mbaya, na mtetea huacha kutaga. Mafua hayaui wengi kama kideri, nayo yaweza kutibiwa yakiwahiwa. Lakini kuku aliyepona huendelea kuubeba ugonjwa na kuwapa wenzake. Yapo pia mafua sugu, ambayo huenda polepole kwa wiki na miezi, kuku akikoroma na kukonda bila kufa, na ambayo mama huweza kumrithisha kifaranga kwa njia ya yai.

Ndui ya kuku twaijua kwa vipele vya kichwani na kwenye kilemba, na huenezwa na mbu. Lakini ndui hiyo hiyo yaweza kuota ndani ya koo, na hapo kuku huhema kama mwenye kideri. Vifaranga nao huweza kupata minyoo ya koo, wakawa wanapanua midomo na kunyoosha shingo kila wakati kama wanaoomba hewa. Tena viko vikohozi visivyotokana na ambukizo la kuku kwa kuku: vumbi la pumba, ukungu wa nafaka iliyooza, na ile harufu kali ya kinyesi kilichorundikana, ambayo humwasha hata binadamu macho anapoinama kuingia bandani.

Twayataja haya yote ili msomaji asikimbilie dukani kabla ya kutazama. Kuku mmoja akikoroma siku nyingi huku wengine wakila na kutaga, hilo ni jambo moja. Kuku watano wakifa kwa siku tatu, wakubwa kwa wadogo, hilo ni jambo jingine kabisa, na anayepaswa kulisikia kwanza ni afisa mifugo wa kata, wala si mchuuzi wa kuku. Tukumbuke pia kwamba mwezi Januari 2017 majirani zetu wa Uganda walitangaza homa ya mafua ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa porini na wa kufugwa pia. Vifo vingi vya ghafla ni habari inayostahili kufika ofisini siku ile ile, kwa kuwa macho ya mfugaji peke yake hayawezi kutofautisha kideri na homa hiyo. Maabara ndiyo iwezayo.

MIGUU YA UGONJWA NI SISI

Sasa tuulize: kideri hufikaje Zagayu? Kirusi hakina miguu. Kimo katika mate na kinyesi cha kuku mgonjwa, katika manyoya yake na katika nyama yake, na kinachokisafirisha aghalabu ni mkono wa binadamu.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mavuno yamekwisha, pamba imeuzwa, fedha zimepatikana. Ni wakati wa arusi, wa ngoma na wa kutembeleana, na katika kila safari ya heshima kuna kuku aliyefungwa miguu. Wachuuzi nao hupita na pikipiki zilizobeba matenga, wakinunua wawili hapa na watatu kule, wakiwachanganya wote pamoja, na wale wasiouzika mnadani hurudi jioni katika nyumba walizotoka au nyinginezo. Kuku aliyeambukizwa huchukua siku 2 hadi 15, mara nyingi siku 5 au 6, kabla ya kuonyesha dalili. Maana yake ni kwamba yule jogoo mzuri mwekundu uliyemnunua gulioni, mwenye sauti na macho maangavu, huenda amebeba msiba wa nyumba nzima, nawe umemwachia alale na mitetea wako usiku ule ule.

Lakini liko jambo baya zaidi, nalo tutalisema waziwazi. Mara kikohozi kinapoanza, watu wengi hufanya haraka ya kuwauza kuku waliosalia kabla hawajafa. Wengine huwachinja wagonjwa, wakatupa manyoya na matumbo jalalani, ambapo mbwa huyabeba na kuku wa jirani huyachakura. Wengine huwapeleka wale wanaoonekana wazima kwa shemeji kijiji cha pili "wakakae salama". Kwa vitendo hivyo vitatu ugonjwa ulioanza katika mji mmoja huenea kata nzima kwa muda mfupi.

Hatumtukani mtu anayefanya hivyo. Twaijua sababu yake. Mama mwenye kuku 20 na deni dukani, anapomwona wa kwanza amelala chali, hufikiri kwamba akingoja atapoteza wote. Akiuza atapata walau kitu. Kwa hesabu ya nyumba yake yu sahihi. Lakini anayemnunua naye ni mama mwenye deni, na fedha aliyotoa imenunua kifo. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika jambo hili tunamnyoa mwenzetu kwa mikono yetu wenyewe, kisha tunashangaa wembe unapotufikia.

Tufanye hesabu ya mfano ili hasara ionekane. Mtetea wa kienyeji hutaga mara tatu au nne kwa mwaka, mayai 10 hadi 15 kila mara. Chukua nyumba yenye mitetea mitano. Kila mmoja akiatamia mara tatu tu, akiangua vifaranga 10, na katika hao nusu wakaliwa na mwewe, kicheche na baridi, bado mwisho wa mwaka nyumba hiyo ingekuwa imekuza kuku 75. Ni fedha za sare, za daftari na za chumvi. Ni mayai ya watoto na supu ya mzazi. Kideri kikipita mara moja, hesabu hiyo yote hurudi kwenye mtetea mmoja wa kuazima. Nyumba zinazoanza upya namna hiyo kila mwaka si nyumba za wavivu. Ni nyumba zinazoibiwa.

KINGA IPO, NA NI TONE MOJA

Kwa miaka mingi chanjo ya kideri ilikuwa mali ya wenye mabanda makubwa ya mjini. Ilitaka baridi ya jokofu safari nzima kutoka kiwandani hadi kwa mfugaji, na kijiji kisichokuwa na umeme hakikuwa na njia ya kuifikia. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia, akiwamo Profesa Peter Spradbrow, walipotafuta kirusi cha kideri kilicho hafifu, kisichomdhuru kuku, lakini chenye kustahimili joto. Walikipata, wakakiita I-2, na mbegu yake ikatolewa bure kwa nchi zinazoendelea ili zitengeneze chanjo zenyewe. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Chanjo hiyo ilianza kutengenezwa na maabara ya Serikali ya mifugo iliyoko Temeke, Dar es Salaam, na baadaye kazi hiyo ikafanyika Kibaha.

Namna ya kuitumia ni nyepesi. Kuku hushikwa kwa upole, kichwa kikageuzwa upande, tone moja likadondoshwa katika jicho moja, na mshikaji akangoja mpaka tone lienee. Kifaranga na jogoo hupewa kipimo kile kile. Hakuna sindano, wala hakuna ubaya kwa mlaji, kwani nyama na mayai ya kuku aliyechanjwa kwa I-2 huliwa bila hofu.

Hata hivyo yako mambo matatu ambayo kila mwenye kuku hana budi kuyajua. La kwanza, kustahimili joto si sawa na kustahimili jua. Chupa ya chanjo ikiachwa juu ya tanki la pikipiki saa sita mchana, kilichobaki ndani ni maji matupu. Ibebwe kivulini, imefungwa katika kitambaa chenye unyevu, na maelezo yaliyoandikwa juu ya chupa yafuatwe. La pili, chanjo ni ya kuku wazima. Ugonjwa ukiisha kuingia, tone halitamwokoa yule aliyekwisha kuambukizwa, na mchanjaji anayetoka mji wenye ugonjwa kwenda mji mwingine aweza kuwa ndiye mchukuzi wa kirusi kwa mikono na viatu vyake. La tatu, nguvu ya chanjo hupungua. Baada ya miezi mitatu au minne yapasa irudiwe, na vifaranga walioanguliwa katikati ya muda huo hawana kinga ya chanjo mpaka nao wapewe tone lao.

Jambo hili la tatu ndilo linalotufanya tuandike. Mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua wilayani Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Katika kampeni hiyo Serikali ilijitwika nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuku wa asili wakawekwa katika fungu la kuchanjwa bila malipo. Uzinduzi huo ulifanyika jirani kabisa na Zagayu, ambayo nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi mpaka wilaya ya Itilima ilipoundwa mwaka 2012, mwaka ule ule ulipoanzishwa mkoa wa Simiyu. Ni jambo la heri. Lakini mtu aliyechanjiwa kuku wake mara moja, kisha akakaa kivulini kungoja gari la Serikali lirudi, ajue kwamba kinga ya Juni haifiki Krismasi. Msaada wa siku moja hauwezi kuchukua mahali pa utaratibu wa kila mwaka, na utaratibu huo ni wa kijiji chenyewe kuuweka.

KWA NINI LAZIMA IWE PAMOJA

Msomaji aweza kusema, "Basi nitawachanja wa kwangu, na wa jirani ni shauri lake." Twamjibu kwa mambo mawili.

Kwanza, hesabu ya chupa. Chanjo hutengenezwa katika chupa ya kutosha kuku wengi, nayo ikiisha kuchanganywa haikai. Mtu mwenye kuku wanane akinunua chupa peke yake atamwaga sehemu kubwa ya fedha yake chini. Nyumba 20 zikiungana, mchango wa kila kuku huwa mdogo kuliko bei ya yai. Kwa hiyo hata yule asiyempenda jirani yake, mfuko wake mwenyewe unamlazimisha kwenda kumgongea mlango.

Pili, kuku wa kijijini hawajui mipaka. Asubuhi wakifunguliwa huchakura jalala hili, huvuka ua wa minyaa, hunywa maji katika dimbwi lile, hula mchwa pamoja chini ya mti mmoja. Nyumba tatu zisizochanja katikati ya kumi zilizochanja ni kama matundu matatu katika paa: mvua ikinyesha, wote waliomo ndani watalowa. Kirusi kitapata mahali pa kuzaliana, kitawapata vifaranga wa nyumba zilizochanja kabla zamu yao haijafika, na wenye nyumba hizo watalaumu chanjo kwamba haifai. Kideri hakiulizi kama mji huu ni wa Bagika na ule ni wa Bagalu.

Wala haya si mambo mageni kwa watu wa nchi hii. Katika miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilifagia mazizi ya Afrika ya Mashariki, ikaacha njaa nyuma yake. Baadaye Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo iliyo salama ya ugonjwa ule. Ikachanjwa mifugo ya wote, ya tajiri na ya maskini, ya huku na ya ng'ambo ya mpaka, na mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka duniani. Kideri ni kigumu zaidi, kwa sababu chanjo yake haidumu maisha yote, na kuku huzaliwa na kuuzwa kwa wingi na kwa haraka kuliko ng'ombe. Hatuahidi kwamba kitatoweka. Lakini fundisho ni lile lile: ugonjwa wa mifugo haukushindwa po pote na mtu mmoja aliyefunga zizi lake.

Tena wazee wa Usukumani wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, jinsi vijiji vilivyojipanga katika sungusungu. Yowe lilipopigwa usiku, hakuna aliyeuliza ng'ombe walioibwa ni wa nani. Kila mwanamume alitoka. Twauliza: kwa nini yowe lipigwe kwa ng'ombe mmoja wa baba, na kimya kitande wanapokufa kuku 30 wa mama?

RANGI MBILI SI DAWA YA KIDERI

Hatuwezi kuliacha jambo hili bila kugusa tabia iliyoenea ya kuwapa kuku dawa za binadamu. Kikohozi kikianza, mtu hununua vidonge vya rangi mbili, huvifungua, humimina unga wake katika maji ya kunywa kwa kukadiria kwa jicho. Dawa za namna hiyo huua bakteria, hazigusi kirusi. Kuku wa kideri atakufa na dawa tumboni. Kuku wa mafua aweza kupata nafuu, lakini kwa kipimo cha kubahatisha bakteria hubaki, huzoea dawa, na siku ile ile dawa inapohitajika kumtibu mtoto wa nyumba, haifanyi kazi. Aidha kuku aliyetumia dawa hiyo asichinjwe, wala mayai yake yasiliwe, mpaka zipite siku zilizoandikwa na watengenezaji.

Wako pia wanaotumia mwarobaini, shubiri, pilipili na majivu. Hatudharau maarifa ya wazee. Mengi yana faida zake. Lakini hakuna jani lililothibitika kuzuia kideri, na anayemwacha kuku bila chanjo kwa kutegemea pilipili anacheza kamari na daftari za watoto wake.

YAPASAYO KUTENDWA

Tumesema mengi, sasa tutaje vitendo.

Kila kijiji kipange tarehe za chanjo tatu kwa mwaka, na kizibandike mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Sisi twapendekeza Januari, Mei na Septemba, kwa sababu tone la Mei hutangulia kiangazi, na lile la Januari huwakuta vifaranga wa mvua za mwanzo. Wachaguliwe wachanjaji wawili au watatu katika kila kitongoji, wafundishwe na afisa mifugo, na walipwe kidogo kwa kila kuku. Tungependa wengi wao wawe wanawake, kwani ndio wajuao kila kuku wa mji amelala wapi. Kazi ifanyike alfajiri au usiku, kuku wakiwa ndani bado.

Kuku mgeni akaribishwe kwa tahadhari. Atengwe wiki mbili chini ya tenga au katika kibanda cha pembeni, na chombo chake cha maji kiwe mbali. Hata akiwa zawadi ya mkwe, atengwe. Heshima ya mkwe haipungui.

Kikohozi kikianza, mgonjwa atengwe siku ile ile, na jirani aambiwe siku ile ile. Kuuza, kugawa na kuhamisha kuku kusimame katika kitongoji chote mpaka afisa mifugo atoe neno. Mizoga ifukiwe shimoni au ichomwe moto, isitupwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kirusi cha kideri chaweza pia kumletea mshikaji wekundu wa macho. Na yule anayetoa habari mapema asichekwe wala asitozwe faini. Tukimwadhibu anayesema ukweli, tutawafundisha wote kuficha. Faini, kama kijiji kikiamua kuiweka katika sheria zake ndogo, iwe juu ya yule anayepeleka kuku mgonjwa mnadani kwa makusudi.

Banda nalo litazamwe. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku bila upepo kuwapiga usiku. Kinyesi kizolewe mara kwa mara, nacho ni mbolea nzuri ya bustani. Maji yabadilishwe kila siku. Majani mabichi yatolewe wakati wa kiangazi, maana kuku anayekosa majani hukosa pia vitamini iletayo afya ya macho na koo. Hayo hayazuii kideri, lakini huondoa nusu ya vile vikohozi vingine.

Tuna neno pia kwa wafanyakazi. Wengi wenu mlio katika viwanda vya kuchambua pamba, mashuleni, hospitalini na maofisini, kule Bariadi, Mwanza na hata Dar es Salaam, mna kuku sita au kumi nyuma ya nyumba kwa ajili ya kusaidia mshahara. Msidhani kwamba ukuta wa matofali unawatenga na kijiji. Unaporudi likizo na zawadi ya kuku, au unapoondoka nyumbani na jogoo uliyefungiwa na mama katika kapu, unakuwa mchuuzi kama wachuuzi wengine. Tena wewe unayesoma gazeti hili una deni moja zaidi: wasomee wale wasiosoma. Mwulize mama tarehe ya chanjo iliyopita. Kama hakuna, nenda ofisi ya kijiji ukaulize ni kwa nini.

Na kwa viongozi wa vijiji na wa kata twasema hivi. Katika mikutano yenu mnajadili barabara, madarasa na visima, na ni haki. Wekeni pia kuku katika ajenda. Msiseme ni mambo madogo ya wanawake. Hakuna mradi mwingine kijijini ulio mikononi mwa kila nyumba, hata ile isiyo na ng'ombe wala shamba kubwa, na usiohitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Unachohitaji ni tone moja, mara tatu kwa mwaka, siku moja, kwa nyumba zote. Kiongozi atakayeshindwa kuwakusanya watu wake kwa ajili ya tone hilo atatueleza kwa sauti gani kwamba atawakusanya kwa ajili ya mambo makubwa?

Kiangazi hakiko mbali, na matenga ya wachuuzi yako njiani. Kijiji ambacho hakijaweka tarehe yake na kiiweke wiki hii, kabla ya kuku wa kwanza kupiga chafya.